Robo ukurasa gazetini: nitoe hela au niache?

Fundi Samani: Wadau, nina duka la samani Tabata. Nimepewa bei ya robo ukurasa, rangi, siku moja tu. Hela hiyo ni vitanda viwili vya mninga. Uzuri wake, mteja anakata tangazo anakuja nalo dukani. Ubaya, kesho yake gazeti linafungia vitumbua.

Kijana wa Sinza: Usitoe. Gazeti wanasoma wazee wanaotafuta nani kafa. Peleka Instagram, angalau utajua wangapi wameliona.

Mama Wawili: Hiyo "nani kafa" imeniuma. Baba alipofariki tulilipia tanzia, safu mbili, na picha yake ya kitambulisho. Mzee aliyesoma naye Tabora aliiona kwa muuza magazeti stendi ya Singida, akapanda basi, akafika siku ya kuanua matanga. Namba yake hatukuwa nayo. Kipande kile mama anacho mpaka leo ndani ya Biblia. Instagram ingempatia wapi yule mzee?

Kijana wa Sinza: Pole dada, sikumsema baba yako. Ila sisi walikosea jina la bibi, na kurekebisha wakataka tulipie upya.

Mpanga Kurasa: Unapewa pruufu, yaani nakala ya kukagua kabla ya kuchapa, usome, usaini, ndipo liende mtamboni. Mlisaini bila kusoma.

Kijana wa Sinza: Tulikuwa msibani mzee wangu! Nani ana macho ya kusoma pruufu siku hiyo? Jina la marehemu hukulihakiki wewe unayelipwa?

Jirani wa Namanga: Mnagombana tanzia, mnasahau anayeshika mfuko. Huku Kenya mlipaji mkubwa wa matangazo ni serikali. 2017 iliondoa matangazo yake kwenye magazeti ya binafsi, ikayaweka MyGov, jarida lake yenyewe. 2024 kazi ya kuichapisha MyGov wakapewa gazeti la binafsi, The Star, peke yao. Mhariri anayesubiri hela hiyo ataandika nini kuhusu anayemlipa?

Mpanga Kurasa: Bila matangazo gazeti ungelinunua bei gani? Unacholipa pale mezani hakitoshi hata karatasi na wino. Na jina la bibi mngeleta limeandikwa kwa herufi kubwa.

Mama Wawili: Mzee, hapo umekosea. Omba radhi.

Fundi Samani: Dada, ile tanzia ilitoka siku gani ya wiki? Mwisho wa kupeleka langu ni kesho saa nane mchana.