MREJESHO: Lyon, historia ya vita na mitaa ya kale

Wakuu, niliomba ushauri hapa kuhusu Lyon, Ufaransa: historia ya Vita Kuu ya Pili, mitaa ya zamani na chakula. Tumesharudi, asanteni sana.

Aliyesema tuanze na makumbusho ya vita ya avenue Berthelot, jengo lililokuwa la Gestapo (polisi wa siri wa Wanazi) chini ya mkuu wao Klaus Barbie, alitufaa mno. Gereza la Montluc, alikofungwa Jean Moulin, kiongozi wa Wafaransa waliopinga Wanazi, mwaka 1943, linaeleweka vizuri ukitokea hapo.

Kilichonigusa zaidi ni Chasselay, nje ya mji: makaburi ya askari wa Kiafrika wa jeshi la Ufaransa waliouawa na Wajerumani Juni 1940, yaliyozungushiwa ukuta mwekundu. Baadhi hawajulikani hata majina. Waafrika wenzangu, fikeni pale.

Traboule, vile vichochoro vinavyopenya ndani ya majengo, tulifanikiwa nusu. Vieux Lyon, yaani mji mkongwe, tulipita; mtaa wa Croix-Rousse milango mingi ilifungwa, maana watu wanaishi humo. Nendeni asubuhi.

Kwenye bouchon, migahawa ya kienyeji ya Lyon, wekeni nafasi mapema. Ya kwanza ilijaa, ya pili tukala quenelle ya samaki (donge laini la samaki) kwa mchuzi wa kamba wa mtoni, tamu kwelikweli. Asiyekula nguruwe aulize kwanza, wanampika sana.