Tupeane uzoefu: nauli ya kwenda kuripoti ukiwa na kifungo cha nje

Mnyalukolo_Mgeni: Jana, ndani ya Noah ya kutoka Kiwira kwenda Tukuyu, kijana mmoja alimsihi kondakta ampunguzie nauli kwa sababu alikuwa anawahi kuripoti kwa afisa wa uangalizi, nami nikaukumbuka mwaka wangu. Ada hatutozwi, lakini nauli ndiyo ada yenyewe. Wenzangu mlimudu vipi?

Mchuma_Chai: Ni kweli kabisa. Siku ya kuripoti, kibarua cha chai kimepotea.

Baba_Kilolo: Mimi nilipangiwa kufyeka nyasi za zahanati bila malipo, na hilo sikulilalamikia kwa kuwa kosa nililitenda. Tabu ilikuwa kuripoti Iringa mjini. Mwezi wa Machi, alfajiri ya siku ya kuripoti, mke wangu alishikwa na uchungu. Nilimwacha kwa mama, nikashuka kwa miguu kwa kuwa bodaboda wote waliyakataa matope, na nilipofika niliambiwa afisa amekwenda mahakamani na daftari limefungiwa kabatini. Nilikaa kwenye benchi hadi saa kumi jioni, simu imezima, nikihofia kwamba nikiondoka bila kusaini nitarudishwa mahakamani nifungwe. Mwanangu nilimwona usiku wa manane.

Mchuma_Chai: Pole sana, baba. Wa kike au wa kiume?

Viazi_Uyole: Aliyeiba viazi vyangu alibeba magunia usiku kucha. Atashindwaje kutembea mchana?

Mnyalukolo_Mgeni: Angefungwa, ungelipwa viazi?

Viazi_Uyole: Hata sasa sijalipwa.

Karani_Mstaafu: Tusigombane. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 iliwalenga wenye vifungo visivyozidi miaka mitatu, ili watumikie adhabu wakiwa majumbani mwao. Huko California, Marekani, walio chini ya uangalizi walikuwa wakitozwa ada hata kama hawana kitu, mpaka ilipofutwa Julai 1, 2021. Kwetu kinachohitaji kurekebishwa ni umbali. Mwandikieni afisa barua, mkiomba kusaini kwa mtendaji wa kijiji.

Mchuma_Chai: Kwa mtendaji, mzee wangu? Kufikia jioni kilabu kizima cha ulanzi kitakuwa na habari. Bora nauli.

Mnyalukolo_Mgeni: Basi mtu akosee karibu na ofisi ya wilaya.

Baba_Kilolo: Wa kike, ana miaka minne sasa. Barua niliandika, mzee. Jibu lilikuja adhabu ikiwa imekwisha.