Ofisi kwenye nyumba ya mawe Mji Mkongwe: plasta inabanduka, joto kali

Wakuu, ofisi iko Zanzibar, nyumba ya matumbawe na chokaa. Plasta ya saruji chini inabanduka, wafanyakazi wanalalamikia joto na harufu ya ukungu. Bosi anataka pia daftari za zamani na mizani ya karafuu vionekane. Tuanzie wapi?

Jibu 1
Tatizo ni hiyo saruji. Ukuta wa matumbawe unavuta unyevu toka chini; chokaa huuacha utoke, saruji huufungia, chumvi inaganda nyuma na kusukuma plasta. Bandueni yote hadi kwenye jiwe, ukuta ukauke, kisha chumvi isuguliwe kwa brashi kavu. Msioshe, mtairudisha ndani. Plasta mpya: chokaa iliyolowekwa sehemu 1, mchanga sehemu 3, na usiwe wa pwani. Kila tabaka lisizidi sentimita 1, linyunyiziwe maji asubuhi na jioni. Likikauka haraka linapasuka. Malizieni kwa chokaa. Mkipaka rangi ya plastiki mmerudi kulekule!

Jibu 2
Naongezea: kabla ya nyundo, kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe. Msibomoe ukuta wa kati kutafuta ukumbi. Vyumba ni vyembamba kwa sababu boriti za mikoko ni fupi, na ukuta huo ndio unaozibeba. Joto? Fungueni kwanza madirisha yaliyozibwa, hewa ipite hadi uani. Maji ya AC yakidondokea ukutani, ncha za boriti zinaoza.

Daftari zikae ghorofani, kabati lisiguse ukuta wala kupigwa na jua. Mizani iwekeni mapokezi, watu waiguse.