Kliniki ya kisukari ikague na fizi? Tujadili

Mleta mada: Wakuu, mgonjwa wa kisukari akifika kliniki anapimwa sukari, presha na uzito, akibahatika anaangaliwa miguu na macho. Kinywa hakuna anayekiuliza. Mwaka 1993 Harald Löe, mtafiti wa magonjwa ya fizi, aliuita ugonjwa wa fizi tatizo la sita la kisukari, ukifuatana na yale ya macho, figo na mishipa. Sukari ikiwa juu, fizi zinashambuliwa kirahisi. Nazo zikikaa na uvimbe usiokoma, zinamwaga kwenye damu kemikali zinazoidhoofisha insulini. Hoja yangu: nesi akague fizi, na bima ilipie kukwangua ugaga (uchafu uliogandia kwenye meno). Nawasilisha.

Mfamasia: Mkuu, taratibu. Mwaka 2013 ulitoka utafiti wa Marekani wa watu 514 wenye kisukari na fizi mbovu. Waliosafishwa na wasiosafishwa, baada ya miezi sita sukari yao ilikuwa ileile. Halafu wenye fizi mbovu wengi ni wavuta sigara na watu wa kipato cha chini, utajuaje mkosaji ni fizi? Hela ya bima iende kwenye dawa.

Tabibu wa meno: Utafiti huo naufahamu, na waliosafishwa wengi walimaliza fizi zikiwa bado zinatoka damu. Tiba haikukamilika, utapimaje matokeo yake? London mwaka 2018 wagonjwa 264 walifuatiliwa mwaka mzima. Waliotibiwa kwa kina, HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu) ilikuwa chini kwa pointi 0.6 kuliko ya wenzao. Wachambuzi wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopitia tafiti za tiba, nao mwaka 2022 walikusanya tafiti 35 wakakuta inashuka kwa wastani wa 0.43 ndani ya miezi mitatu hadi minne. Na hapo watu waligawanywa kwa bahati nasibu, wavuta sigara wakaangukia makundi yote, kwa hiyo hoja ya sigara haisimami. Ila msije mkaacha metformin, dawa yenu ya sukari, mkakimbilia mswaki!

Mama wa Sukari: Daktari, mimi ni mgonjwa. Fizi zilianza kutoka damu, meno yakalegea, nikadhani ni uzee tu. Huku kwetu ukifika na jino ni koleo. Huo ugaga atakwangua nani?

Mfamasia: Mama amegusa penyewe. Kuangalia kinywa ni bure, kuanzia kesho sina pingamizi. Lakini Tabibu, ukishaniandikia "fizi mbovu" na wilaya nzima haina wa kukwangua, nimpeleke wapi mgonjwa?

Tabibu wa meno: Tuanze na hospitali za mkoa.

Mfamasia: Na nauli analipa nani?