Acheni kudhalilisha watu kwa Kiingereza ambacho hata nyie hamkijui

Wakuu, nina hasira, na leo naimwaga hapa.

Jumatatu kwenye kikao cha ofisi, dogo mmoja wa fildi alikuwa anasoma ripoti aliyoihangaikia wiki mbili. Akafika kwenye "Each customer must sign their form", yaani kila mteja asaini fomu yake. Meneja akamkatiza: "Mteja mmoja, hiyo 'their' ya watu wengi ya nini? Nyie mnafundishwa na nani?" Chumba kizima kikaangua kicheko. Karatasi zikaanza kumtetemeka mkononi, na kurasa zilizobaki akazisoma kwa sauti ambayo hata mimi niliyekaa jirani naye niliisikia kwa shida.

Sasa nisikilizeni. "Their" ya mtu mmoja ipo kwenye Kiingereza tangu karne ya 14. Shakespeare kaiandika. Jane Austen kaiandika tena na tena. Walioipiga vita ni walimu wa sarufi waliokuja baadaye, wakataka iwe "his", yaani "yake" ya mwanamume, na mwaka 1850 Bunge la Uingereza likaweka kisheria kwamba kwenye sheria zake neno la kiume limhesabu na mwanamke humo humo. Watu walikaa wakaamua, haikushuka na mvua! Na hiyo "you" ambayo meneja anamwitia kila mmoja wetu pale ofisini zamani ilikuwa ya watu wengi, mtu mmoja aliitwa "thou". Mbona hiyo haikosoi?

Maneno yanahama jamani. "Nice" ilianza kwa maana ya mjinga. Sisi wenyewe ukitusalimia tunajibu "poa", neno la uji uliotolewa jikoni, na hakuna anayekimbilia kamusi.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Wateja wa ripoti ile wengi ni kina mama wa vikoba. Baada ya kikao nilimkuta dogo kainamia meza na kalamu nyekundu, anakata "their" moja baada ya nyingine, juu yake anaandika "his". Mama muuza samaki, "his form"! Kwa Kiswahili tunasema "fomu yake" na inamtosha mwanamume na mwanamke. Dogo alitafuta "yake" ya Kiingereza, akaipata, akachekwa.

Meneja, najua huwa unapita humu. Mrudishie ripoti yake ilivyokuwa mwanzo, na umwambie ilikuwa sahihi. Mwambie kwenye kikao, mbele ya wale wale waliomcheka.