Nimehamia Colorado kutoka Texas: nianzeje kuwinda kulungu na elki?

Mhamiaji wa Aurora aliuliza:
Ndugu wawindaji, nawasalimu. Huko Texas nilizoea kuwinda kulungu katika shamba la mfanyakazi mwenzangu, nikiwa nimeketi kibandani huku wanyama wakiyafuata mahindi tuliyowamwagia. Novemba iliyopita nilihamia Aurora, na sasa, ikiwa ni mwezi Juni, ningependa kuwinda kulungu na pia elki, yule ndugu yake mkubwa ambaye dume lake hufikia kilo 300. Ninayo bunduki ya .243 na cheti cha mafunzo ya uwindaji cha Texas, lakini simjui mtu yeyote mwenye shamba. Nianzie wapi?

Mzee wa Pueblo alijibu:
Karibu sana, ndugu yangu. Mahindi uyasahau, kwa maana hapa ni marufuku kumwekea mnyama chambo. Cheti chako kinakubalika, na kwa kuwa umekwisha kukaa zaidi ya miezi sita mfululizo, utanunua leseni kwa bei ya mkazi, ambayo ni ndogo mno ikilinganishwa na ya mgeni.

Kwa upande wa kulungu umechelewa. Tangu mwaka 1999 leseni zao zote hutolewa kwa droo, na maombi hufungwa mapema mwezi Aprili, kwa hiyo mwaka huu limebaki tumaini la zile zinazosalia, ambazo huuzwa Agosti na kugombaniwa kama mpira wa kona. Elki ndiye mlango wako. Katika vitalu vingi vya uwindaji vya magharibi mwa jimbo, mkazi hununua leseni ya dume bila droo kwa msimu wa pili na wa tatu wa bunduki, yaani kuanzia mwishoni mwa Oktoba. Usinunue kabla ya kukisoma kitalu chako katika kitabu cha kanuni cha mwaka huu cha Colorado Parks and Wildlife, idara ya jimbo inayosimamia wanyamapori, kwa sababu mambo hubadilika. Vitalu vingi hudai dume awe na ncha nne katika pembe moja, au ncha ya chini kabisa, ile iliyo juu ya uso, iwe na urefu wa inchi tano. Ukiwa na shaka, shusha bunduki.

Kukosa shamba si tatizo, kwani misitu ya taifa ni mikubwa na iko wazi kwa wote. Tatizo ni mpaka: mwenye ardhi halazimiki kuweka kibao wala uzio, na ukiingia bila ruhusa kosa ni lako. Pakua ramani ya mipaka kwenye simu kabla ya kutoka nyumbani, maana mlimani mtandao haupo.

Hiyo .243 inaruhusiwa kisheria, mradi uzito wa risasi usipungue greni 85 (kama gramu tano na nusu) kwa elki. Mimi binafsi ningeazima .30-06, ambayo risasi yake ni kubwa zaidi.

Mama Greeley alijibu:
Naongeza jambo ambalo wanaume hulipita haraka: nyama. Elki wetu wa kwanza aliangukia bondeni saa kumi jioni, kilomita tatu kutoka garini. Paja moja la nyuma pamoja na mfupa lilinilemea hata nikawa napumzika kila baada ya hatua hamsini, kwa kuwa hewa ya huko juu ni nyepesi, na tulimaliza kubeba kesho yake mchana. Mchuneni mara moja, hata kukiwa na baridi, kwani ngozi yake nene huhifadhi joto na nyama huharibika kuanzia kwenye mfupa wa paja. Acheni alama ya jinsia, yaani kiungo kinachoonyesha kama mnyama ni dume au jike, ikiwa imeshikamana na nyama, kwani ni sharti la sheria. Mwenzetu aliikata kwa usafi wake, akaishia kulipa faini.

Pia pelekeni kichwa kikapimwe ule ugonjwa wa kudhoofika wa jamii ya kulungu, ambao uligunduliwa kwanza katika jimbo hili hili mwaka 1967. Haijathibitishwa kwamba humwambukiza binadamu, lakini sisi nyama hukaa kwenye friza mpaka majibu yatoke.

Mhamiaji wa Aurora:
Nawashukuru sana. Je, mavazi? Mimi nina kofia ya kijani tu.

Mzee wa Pueblo:
Hiyo iache nyumbani. Mwenye bunduki lazima avae inchi za mraba 500 za rangi ya chungwa au waridi inayong'aa, kofia ikiwemo, na ionekane kutoka pande zote.