Naomba ushauri: Action Mailbox na mtoa huduma asiyekuwemo kwenye orodha

Mwana_Katuba
Jambo ndugu zangu. Natengeneza programu ya ofisi moja ya transiti (wakala wa kupitisha mizigo forodhani) hapa Lubumbashi. Wateja hutuma ankara, hati za shehena na orodha za mizigo kwa barua pepe, lori likiwa bado njiani kati ya Tunduma na Kasumbalesa. Nataka kila barua ijipeleke kwenye dosie ya mzigo wake, na Action Mailbox, sehemu ya Rails (mfumo wa kuundia programu za wavuti) inayopokea barua pepe, inanifaa kabisa. Shida ni kwamba inawafahamu watoa huduma wa barua pepe Mailgun, Mandrill, Postmark na SendGrid, pamoja na seva za Exim, Postfix na Qmail, basi. Ofisi imeshalipia kampuni nyingine. Hiyo, kila barua inapofika, huipelekea programu yangu webhuki (taarifa ya papo hapo) ya JSON (data iliyopangwa vipande vipande) yenye mtumaji, kichwa, maneno na viambatisho, pamoja na kiungo cha kupakua barua ghafi, yaani nzima kama ilivyofika. Je, nibadilishe kodi ya kompyuta ya Rails yenyewe, au nimwombe mkubwa wa ofisi tuhame?

Fundi_Kamalondo
Usihame, na Rails usiiguse. Andika kontrola yako (sehemu inayopokea maombi ya wavuti) ndani ya apu, irithi ActionMailbox::BaseController. Amazon SES nayo ilikuwa ndani, ikatolewa kabla ya toleo la 6.0 kutoka rasmi mwaka 2019, na jemu (kifurushi cha nyongeza) ya pembeni ikachukua kazi hiyo.

Yaya_Kampemba
Nakubaliana na Fundi, ila kuna jambo ambalo wengi hulipita haraka. Hiyo JSON inavutia: kila kitu kimeshachambuliwa, unaona ni rahisi kuunda barua upya kutoka vipande vile. Mdogo wangu, usifanye hivyo. Rails huitambua barua kwa Message-ID (kitambulisho cha barua) pamoja na alama ya SHA1, alama fupi inayokokotolewa kutoka maandishi yote ghafi. Ukiiunda upya, mipaka kati ya viambatisho hutungwa kwa bahati nasibu, alama inabadilika, na webhuki ikirudiwa utapata barua ileile mara mbili kwenye dosie. Kwa mizigo ya forodha hiyo ni hatari: deklara (mtu wa kuandaa hati za forodha) mmoja anafanyia kazi nakala hii, mwenzake ile. Fuata kiungo, pakua barua ghafi, ikabidhi nzima kwa mbinu ya Rails iitwayo create_and_extract_message_id! na umwachie Rails mengine.

Pili, jina. Iweke kontrola ndani ya ActionMailbox::Ingresses, kwa sababu Rails hulitoa jina la mlango (ingress, sehemu ya kupokelea barua) kwenye jina la darasa na kulilinganisha na config.action_mailbox.ingress. Yasipolingana, inajibu 404 (haipatikani) nawe utabaki kumlaumu mtoa huduma. Njia yake kwenye routes (orodha ya anwani za apu) utaiandika mwenyewe.

Mwana_Katuba
Aksanti yaya. Na usalama? Mlango uko wazi kwa intaneti nzima.

Yaya_Kampemba
Kampuni yenu ikitia saini webhuki kwa HMAC (saini inayotokana na neno la siri la pamoja), hakiki saini hiyo kabla ya kugusa chochote, na ulinganishe kwa secure_compare, si kwa ==. Isipotia saini, tumia authenticate_by_password iliyomo tayari: jina ni actionmailbox, neno la siri unaliweka kwenye credentials (faili la siri la Rails). Kiungo nacho ukikague: kama hakielekei kwenye domeni yao, kikatae, la sivyo mtu ataituma seva yako popote apendapo.

Fundi_Kamalondo
Na upakuaji ukishindikana, usijibu 200 (sawa). Jibu 503 (huduma haipatikani kwa sasa), ili wakituma tena barua isipotee.

Deklara_Ruashi
Mimi si mtu wa kodi ya kompyuta, nafanya kazi ya forodha, lakini naomba niulize. Hizo hati zinakaa humo muda gani? DGDA (mamlaka ya forodha ya Kongo) inaweza kutuuliza juu ya mzigo uliokwisha kupita zamani.

Yaya_Kampemba
Mama, umeuliza la maana kuliko sisi sote. Rails huiteketeza barua iliyoshughulikiwa baada ya siku 30, pamoja na maandishi yake ghafi. Kwa hiyo Mwana_Katuba, ndani ya process (mbinu inayoshughulikia kila barua) toa kila kiambatisho ukihifadhi kwenye dosie yenyewe. Muda huo, incinerate_after, unaweza kurefushwa, lakini usiutegemee kuwa kabati la hati.

Mwana_Katuba
Nimeelewa. Naanza na kontrola, na jaribio la kwanza litakuwa kutuma webhuki ileile mara mbili nione dosie inapata barua ngapi. Mama Deklara, ukinionyesha ni hati zipi lazima zibaki, nitazitenga tangu mwanzo.

Deklara_Ruashi
Ankara, hati ya shehena na cheti cha asili ya bidhaa. Hizo usiziache hata moja.